Babu Yako Hajazoea Kukaa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi hapa Bonga wazima. Mama yako mzima, shangazi Tabu kifua kimepungua, mapacha wanacheza, mimi ni miguu tu. Wewe unakula vizuri huko Mwanza?

Umeuliza kwa nini simwambii babu yako apumzike, maana kazi ya useremala amestaafu. Nimemwambia. Lakini kila asubuhi anavaa ovaroli, anakaa getini mpaka mchana. Chakula anaonja tu. Naogopa.

Nilipokuwa msichana kule Sigino, baba alimpumzisha maksai wetu mzee. Asubuhi yule maksai akaenda mwenyewe shambani, akasimama akingoja nira. Majani akakataa. Mama akasema, "Mfukuze, Baba Maria, jua litamuua."

Baba akacheka. "Na hawa madume wadogo atawafundisha nani? Wewe?"

Akamfunga nira pamoja na dume mchanga, wakatembea tu bila jembe. Jioni yule mzee alikula majani yote.

Usimwambie babu yako nimemfananisha na ng'ombe. Lakini wewe unasoma useremala, na hujamwuliza hata kitu kimoja. Mwulize droo inaungwaje isilegee. Andika upesi, mwanangu, na usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Bibi yako