Bastola Uliyoniachia, Mjomba

Mjomba wangu mpenzi,

Natumaini huko uliko hakuna kituo cha polisi, maana nina maelezo ya kukuomba na sipendi yasikiwe na watu wengine.

Arobaini yako imepita salama. Tumesoma hitma, tumekula ubwabwa, na sheikh amegawa mali yako kisheria: mikorosho kwa wanao, shamba la ufuta kwa mkeo na mabinti, baiskeli kwa mwanao Hamisi. Tulipodhani yamekwisha, mkeo Bi Zaituni akatoka ndani na lile fuko lako la ngozi, akasema, "Hii alisema ni ya mpwa wake Somoe." Sheikh akachungulia, akalifunga haraka, akasema mafungu ya sheria hayafiki huko. Ndivyo mimi, mwalimu wa darasa la tatu mwenye presha ya kupanda, nilivyorithi bastola.

Wewe ndiye uliyetufundisha kuiheshimu. Kila Ijumaa baada ya swala uliilaza juu ya mkeka, ukaipaka mafuta ya nazi ya nywele za mkeo, nasi watoto tukikaa mbali kama ulivyoagiza. Ulisema babu yako alimnyang'anya Mjerumani wakati wa Maji Maji. Mwaka uliofuata ukasema walibadilishana kwa mbuzi. Nilipofika darasa la sita nikakuuliza ipi ni ya kweli, ukanijibu bila kupepesa macho kwamba Wajerumani walikuwa wawili.

Na hukuwahi kuipiga. Ngedere walipoingia kwenye mahindi ulitoka nayo, ukafumba jicho moja, ukawalenga, ukahesabu hadi tatu. Ngedere walikaa wakakutazama huku wanatafuna. Ulirudi ukatuambia risasi ya Mjerumani haipotezwi kwa mnyama asiye na adabu. Tuliamini! Nakumbuka nilikwenda shule nikawasimulia wenzangu kwa fahari.

Lakini mara moja niliiona ikifanya kazi, nawe unaijua siku hiyo. Nilikuwa nimemaliza la saba na jina langu limetoka kwenda sekondari. Baba alikuwa ameshapokea posa ya mnunuzi wa korosho wa Nanganga, mtu mwenye wake wawili na meno ya dhahabu. Kwetu sisi mjomba asiporidhia, mtoto haolewi, ila Baba alikuwa ameanza kusema mambo ya wajomba yamepitwa na wakati. Siku ya kikao yule bwana alikuja na kaka zake wanne, wenye mikono minene kama mchi.

Ulifika kwa miguu kutoka Chinongwe, umevaa kanzu ya Idi. Uliwasalimia wote mmoja mmoja, ukauliza habari za mashamba yao. Kisha ukatoa bastola, ukaiweka katikati ya mkeka, mdomo wake ukutani. Mkono mwingine uliuficha ndani ya kanzu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilidhani humo umeshika bastola ya pili.

"Mwanangu anakwenda shule," ulisema. "Mwenye neno alitoe."

Hakuna aliyelitoa. Kaka mmoja aliomba maji ya kunywa. Walipomaliza kunywa wote watano, wakakumbuka kwamba safari yao ni ndefu. Muhula ulipofunguliwa nikaenda shule, nimebeba sanduku la bati kichwani. Yote niliyo nayo leo hapa Nachingwea, kazi yangu na nyumba yangu na ulimi wangu mrefu ambao mume wangu anaulalamikia, yalitoka kwenye kimya cha siku ile.

Kwa hiyo nilipolishika fuko lako nilitaka kujua bastola ina miaka mingapi na ina thamani gani. Hamisi alitaka kuuza. "Dada, vitu vya Mjerumani ni mpunga mrefu," aliniambia. "Kuna jamaa yuko Dar ananunua mpaka cherehani. Mama tunamwezekea bati la msauzi." Akamulika maandishi ya pembeni kwa simu, akayatazama sana, akasema, "Hiki ni Kijerumani kabisa. Sielewi hata neno moja." Mimi sikutaka bati. Nilitaka iwe ya kale kweli, walau hadithi moja kati ya zako isimame. Mtu aliyeniokoa nilitaka awe mkweli.

Nikaamua kuipeleka polisi Ruangwa, kwa kuwa mwalimu kukutwa na bastola isiyo na kibali ni kuaga wanafunzi. Lakini unaibebaje? Niliifunga kwa kanga, nikaiweka ndani ya hotipoti, nikapakata hotipoti kwenye bodaboda. Dereva alinusa, akauliza, "Mama, hiyo pilau ni ya msiba au ya harusi?" Nikamwambia bado haijajulikana. Kila tuta tulilopita nilisoma dua zote ninazozijua, nyingine mara mbili.

Kwenye kaunta nilisema, "Nimeleta urithi." Askari wa zamu alifunua hotipoti kwa tabasamu, kisha akarudi nyuma pamoja na kiti chake. Akaitwa sajenti wa ghala la silaha, mtu mzima mwenye miwani. Akaifungua, akaielekeza dirishani, akachungulia bomba. Akageuza, akachungulia upande wa pili. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu, tulia. Hii bomba lake limezibwa tangu kiwandani. Haitoi risasi hata ukiibembeleza. Ni ya kuanzishia mbio. Shuleni kwetu tulikuwa na kama hii, nimekimbia sana mita mia nne kwa mlio wake."

"Ya Mjerumani?" niliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hapa imeandikwa Italia. Miaka ya sabini hii. Mzee wako ameizidi umri kwa mbali." Nikauliza thamani. Akasema inategemea, kama kuna mtu ana mbio anataka kuzianzisha. Ndani alikuta fataki moja imeota kutu ya kijani, akabaki nayo. Bastola akanirudishia pamoja na karatasi yenye muhuri kwamba si silaha, na onyo nisiitoe hadharani.

Nilikukasirikia, Mjomba. Nakwambia wazi. Njia nzima ya kwenda Chinongwe nilikuwa naona haya, kana kwamba maisha yangu yote yamejengwa juu ya mchezo wa watoto. Hamisi aliposoma karatasi aliuliza, "Kwa hiyo yule Mjerumani alikuwa mwalimu wa michezo?" Akaenda zake kucheka nje.

Bi Zaituni hakucheka. Alikuwa anapepeta mbaazi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na fataki mmeikuta?"

Nikamwambia tumeikuta. Akaweka ungo chini.

"Alipewa hiyo alipoacha ulinzi wa stoo ya shule," alisema. "Alijua ni ya mbio. Asubuhi ile ya kikao chenu alikwenda chooni mara tatu, mwanangu. Mkono unamtetemeka mpaka akaufungia kwenye kanzu. Akaniambia, 'Zaituni, wale wakigundua watanivunja. Wewe kaa nyuma ya jiko la shemeji na nguo za mtoto. Ukisikia mlio, mshike Somoe mkono, mkimbie mpaka kwa mama yake mdogo Mnero. Msiningoje.' Nilikaa pale nimejifunga kibwebwe, nguo zako ziko kwapani, mpaka nikasikia mtu anaomba maji."

Mjomba, miaka yote hii nilidhani bastola ndiyo iliyowanyamazisha. Nakuomba radhi kwa hasira zangu za njiani. Nakuomba radhi hata kwa ngedere, niliwacheka siku ile kumbe wao ndio waliokuwa na akili.

Hamisi bado anasema tuiuze, tutafute Mjerumani wa tatu. Nimemwambia haiuzwi. Nimeiweka kabatini kwangu pamoja na vyeti vyangu vya shule, na Ijumaa iliyopita niliipaka mafuta ya nazi. Mume wangu amelalamika, nikamwonyesha karatasi ya polisi.

Nakukumbuka sana. Nyuma ya pazia pale nilikuwa nimeuma kanga ili nisilie, nikiamini mwenye hofu ndani ya nyumba ile ni mimi peke yangu. Ningejua, ningetoka nikaja kukaa karibu yako.

Pumzika salama.

Ni mimi mpwa wako,
Somoe