Manjano Uliyonitumia

Tarehe tatu Machi, mwaka wangu wa thelathini na mmoja ugenini.

Dada yangu,

Manjano yamefika salama. Mengine nakunywa na maziwa ya moto kwa ajili ya magoti. Mengine nilimpaka wifi yako usoni ang'ae, kama ulivyonielekeza. Nikasinzia, nikasahau kumwosha.

Muuguzi alipoingia alishtuka. "Mzee, ini la mama limeharibika!"

Wifi yako akaangua kicheko, cha kwanza tangu apooze. "Ini langu zima, mwanangu. Aliyeharibika ni huyu babu."

Unauliza tena nitarudi lini. Yeye hawezi kusafiri, nami simwachi. Chumba changu wape wajukuu. Sirudi, dada.

Kaka yako