Vipande Vitatu vya Elm Juu ya Hita

Kosa la wengi wanaotaka kuchonga upinde ni kuukausha mti kwa haraka. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na miwili, nimelieleza kosa hilo kwa kila aliyeniuliza, kisha nimelifanya mwenyewe.

Leo ni Jumamosi, mwanzo wa Machi. Hapa Bowie, ughaibuni, mvua nyembamba inanyesha tangu alfajiri, na theluji iliyobaki kando ya barabara imekuwa nyeusi kama makaa. Nimekunywa chai vikombe vitatu na sikumbuki ladha yake.

Nieleze tangu mwanzo.

Januari upepo uliangusha elm uani kwa jirani yangu Clarence, dereva wa basi mstaafu aliyejifunza Kiswahili darasani na bado anakizungumza kama msoma taarifa ya habari. Alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, mti wangu umeaga dunia. Je, ungependa kuurithi?"

Kwetu Makueni elm haioti, lakini ni mti mzuri kwa upinde. Nyuzi zake zimesukana, kwa hiyo unapinda bila kukatika. Kwa sababu hiyohiyo haupasuki kirahisi. Nilitumia kabari na nyundo siku mbili, nikikata kwa shoka zile nyuzi zilizokataa kuachana, hadi nikapata vipande vitatu vilivyonyooka, visivyo na mafundo.

Agosti binti yangu Mwende anaolewa. Katika ukoo wetu baba wa binti humkabidhi mkwe upinde aliouchonga kwa mikono yake, na hapo ndipo mkwe huhesabiwa mtoto wa nyumba. Dada mkubwa wa Mwende alipoolewa nilikuwa na kazi mbili, nikampa mkwe saa ya mkononi. Anaivaa hadi leo. Hajawahi kuniita baba, na sijui kama nina haki ya kulalamika.

Sitaki kurudia hilo.

Babu yangu alikausha miti ya pinde juu ya meko, jikoni. Mimi sina meko, nina hita kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Nikavitundika vipande juu yake, nikijiambia kwamba joto ni joto. Mwalimu wa fizikia! Jikoni kwa babu kulikuwa na moshi, moto ulizimika usiku, unyevu ukarudi. Hita inapuliza hewa kavu mchana kutwa na usiku kucha. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimekwangua magome, maana wadudu wanaoua miti hii hujificha humo, na nikapaka rangi ya kuzuia maji yasitoke haraka kwenye ncha tu. Mgongo, yaani upande ule uliokuwa chini ya gome, niliuacha wazi. Nje kukikauka na kunywea wakati ndani kungali na maji, mti hauna budi kuchanika.

Jumapili moja Mwende alikuja kula na mchumba wake Didier, aliyezaliwa Lubumbashi. Katikati ya chakula Didier akaacha kutafuna.

"Papa, kuko kitu inalia kule chini."

"Ni mabomba ya maji."

"Mabomba ya huku inalia kama mfupa inavunjika?"

Mwende akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nyumba inazeeka pamoja na mwenye nyumba. Wakacheka. Nami nikacheka, mikono ikiwa chini ya meza.

Walipoondoka nilishuka. Vipande viwili vilikuwa vimepasuka mgongo mzima. Ufa mmoja ungemeza ukucha wangu. Cha tatu, kilichokuwa mbali na hita, kilikuwa kizima.

Nilikihamishia gereji kwenye ubaridi. Siku kumi na tatu zimepita na sijakigusa. Clarence ameniuliza kwenye uzio kama mbao zinaendelea vyema, nikamjibu kwamba zinapumzika.

"Hata mimi nilipostaafu nilisema ninapumzika," akasema. "Mke wangu alikuwa na neno jingine."

Najua kinachotakiwa. Kipande kinene hivi hakitakauka kufikia Agosti. Kinafaa kupunguzwa kingali kibichi hadi kikaribie umbo la upinde, mgongo upakwe gundi ya seremala usikauke haraka, kifungwe kwenye ubao ulionyooka kisijipinde, kisha kipimwe kila wiki kwa mizani ya jikoni mpaka uzito ukome kushuka. Yote hayo ninayajua. Ila tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia unatetemeka, na kisu cha kuchongea, chenye mishikio miwili, kikizama mahali pasipofaa, hakuna kipande cha nne.

Naogopa. Watu husifu subira yangu, na kwa siku kumi na tatu nimeuita woga kwa jina hilo.

Asubuhi hii nimekwenda kukitazama. Karibu na ncha kuna mstari mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Hapo bado kunaweza kukatwa. Ufa ukisogea kidogo zaidi, basi.

Nimempigia Didier simu nikamwambia ukweli, pamoja na ule wa mabomba.

Akauliza, "Mbili imekufa?"

"Mbili."

"Papa, mimi siyui kuchonga. Lakini kushika, nayua. Wewe utakata, mimi nitashika ngumu."

Desturi haisemi kwamba mkwe aushike upinde wake kabla ya siku yenyewe. Wala sikumbuki mtu aliyekataza. Atafika saa nane. Bado sijui kama mkono utatulia, wala kama Agosti itatungoja.

Wewe unayesoma, ukiwa na kipande kibichi ulichokwisha kukimenya gome, usikitazame tu kama nilivyofanya. Paka gundi mgongo wake leo.