Mgonjwa Wangu Kiburu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kiburu ameanza tena. Chafya, chafya, halafu kimya, halafu ile sauti kifuani kama mtu anasugua kitambaa kigumu. Kwanza nilidhani ni manyunyu juu ya bati. Nikaweka sikio kwenye kizimba – ni yeye.

Mara ya pili hii. Mwezi wa nne aliugua hivihivi. Duka la dawa za mifugo pale sokoni wakanipa dawa ya unga ya kuku, muuzaji akasema siku tatu zinatosha. Akapona, nikaacha. Leo puani ana utando mwekundu. Mama alipouona akajishika kifua, akadhani damu. Nikamweleza siyo damu, panya akiumwa machozi yake huwa mekundu. Akasema, "Hata machozi yake ya ajabu."

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nyumba ya jirani haionekani. Huku Mwika mwezi huu hata wazima wanakohoa.

Baba alipita mlangoni akauliza huyo Kiburi wangu ana nini. Anajua kabisa ni Kiburu. Nilimpa jina kwa rangi yake – kichwa cha kahawia, mwili mweupe, kama kile chakula chetu cha kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Baba anakosea makusudi. Nikasema anaumwa. Akasema miaka yote hajaona panya wa stoo akiumwa. Wa stoo anawatega, atawaona saa ngapi wakiumwa?

Lakini huyu hajamgusa. Tangu nilipotoka naye chuoni, walipofunga chumba cha wanyama wa maabara na mwalimu akaniruhusu nichukue mmoja. Nilirudi nyumbani na diploma ya maabara na panya. Ajira bado. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, na Kiburu ananikalia begani nikifuma.

Simwachi.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimempeleka Moshi mjini kwa Daktari Hosea, wa mifugo. Kikapu, kitenge juu. Kwenye benchi: mbwa wawili, mbuzi, mama mmoja na kuku wake. Mwenye mbwa akauliza nimebeba nini. Nikafunua. Akahama benchi. Mbwa wake hakuhama, alilala palepale miguuni kwangu.

Daktari hakucheka. Hilo nililiogopa kuliko yote. Alimshika Kiburu kwa mikono miwili, akamsikiliza kwa kile kipimo kidogo cha watoto, muda mrefu, huku amefumba macho. Kisha akaniambia bila kuzunguka. Vijidudu hivi panya wa kufugwa karibu wote wanavyo mapafuni tangu wadogo. Havitoki. "Hutaviua vyote, binti. Utavilaza. Vikiamka unavilaza tena."

Ameniandikia dawa ya doksi, asubuhi na jioni, kipimo kwa uzito wake. Na nisiache akipata nafuu – ndipo hasa wengi wanapoharibu. Akauliza ule unga nilikuwa namchanganyia na nini. Nikasema maziwa. Akatikisa kichwa: kwa hii ya sasa maziwa hapana, yanaikamata dawa tumboni, haifiki kifuani. Kuvuta moshi hapana. Vumbi la mbao kwenye kizimba hapana, niweke vitambaa.

Nilipokuwa namrudisha kikapuni akasema, "Lakini umemtunza. Manyoya yanang'aa, ana nyama. Wengi wananiletea mnyama ameshabaki mifupa."

Nilitoka pale nimeinua kichwa. Kitenge sikukirudisha juu ya kikapu mpaka stendi.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Vita. Dawa ni chungu, na Kiburu si mjinga. Bomba la sindano (bila sindano) likisogea mdomoni anageuza kichwa kama mtoto wa ubatizo. Jana jioni aliitema yote kwenye sweta la mtu. Leo asubuhi amenikwaruza kidole gumba.

Nimejaribu uji – amekataa. Parachichi – amelamba pembeni, akaacha palipo na dawa. Mchana nikachukua ndizi ya kisukari iliyoiva sana, ile yenye ngozi nyeusi ambayo Mama hutupia nguruwe, nikaponda, nikatia asali kidogo. Jioni nikachanganya dawa humo, nikamwekea kwenye ncha ya kijiko.

Alinusa. Akanitazama. Akala yote, akashika kijiko kwa vidole vyake viwili vitatu akakilamba mpaka kikang'aa.

Nimecheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Jumatano, 18 Juni 2025

Chafya zimepungua lakini usiku ile sauti inarudi. Leo nimeelewa. Chumba changu kimepakana na jiko. Mama akiwasha kuni alfajiri, moshi unapita juu ya ukuta, pale dari lilipoachana. Mimi nimezoea. Yeye mapafu yake ni kama punje mbili za maharage.

Nikahamishia kizimba sebuleni, nyuma ya kochi. Baba aliporudi kutoka kwenye kahawa akasimama hapo hajavua hata mabuti.

"Sebuleni kwangu?"

Nikasema moshi unamuua, Baba. Akasema hapa wanaketi wageni, hapa aliketi Padri. Akabeba kizimba mwenyewe, akakiweka barazani kwenye baridi. Nikakirudisha. Akakitoa. Hatukupigiana kelele. Tulikuwa tunapishana tu mlangoni na kizimba, mara yeye, mara mimi, na Kiburu ndani ameshika nyaya kwa mikono kama abiria.

Mama ndiye aliyemaliza. Alitoka jikoni na mwiko, akasema, "Baba Redempta, mtoto wako amekuomba kitu gani mwaka huu mzima? Hajaomba nauli. Hajaomba simu. Kaomba kona."

Kona tumepata. Baba hajasema nami mpaka kulala.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Kifua kimya kabisa! Nimeweka sikio asubuhi, mchana na jioni. Hakuna kitu ila moyo wake unakimbia.

Davis, mchumba wangu, alipanda leo kutoka kiwanda cha sukari cha TPC, zamu yake ya karakana iliisha mapema. Akaniona naponda ndizi. Akauliza si amepona, kwa nini nisitunze dawa iliyobaki kwa siku atakayougua tena. Nikamwambia hivyo ndivyo inavyorudi. Nikamweleza yote, vijidudu, kulaza, kuamka. Alisikiliza. Nampenda akisikiliza hivyo, kidevu mkononi.

Kisha akatoa habari yake. Kwao wamekubaliana. Watakuja kujitambulisha tarehe ishirini na sita Julai, Jumamosi. Baba yake, mjomba, mama yake. Nilitaka kurukaruka. Halafu akainamisha macho, akasema mama yake anajua yote kunihusu ila hili moja. Mama yake ni mtu wa usafi sana. Watu wa Singida, wamekaa nyumba za kiwanda miaka mingi, kila mwaka wanapambana na panya wanaokimbia mashamba ya miwa yakichomwa. Je, siku hiyo Kiburu anaweza kulala kwa jirani?

Nikasema nitaangalia.

Sikulipenda jibu langu.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Dozi imeisha. Yote, asubuhi na jioni, bila kuruka hata mara moja. Nimempima kwenye mzani wa Mama wa unga – ameongezeka. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, namwambia Kiburu "safi, safi mama," nikahisi mtu nyuma. Baba, na redio yake kwapani. Alikuwa anasoma mzani.

"Amepanda," akasema. Akaenda zake.

Jumapili, 20 Julai 2025

Nimetoka misa ya kwanza nimemkuta amejikunja kwenye kona ya kizimba, manyoya yamesimama. Si chafya sasa. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kisukari hataki. Asali hataki.

Nimempigia Daktari Hosea, Jumapili hii, na akapokea. Akasema nianze doksi tena leo hii, na kuna dawa ya pili ya kuongeza, aliyonayo pale kwake, niifuate haraka. Safari hii huenda isiwe dozi ya kuanza na kumaliza. Huenda akaishi kwa dawa. Nikamuuliza kama nilikosea mahali. Akasema hapana – "ungekosea asingefika leo."

Nimemweka kifuani ndani ya sweta. Nimeipitisha dawa pembeni mwa mdomo, tone tone. Amemeza.

Jumanne, 22 Julai 2025

Siwezi kumwacha niende mjini. Akikaa peke yake hanywi hata maji, mpaka nimlambishe kidoleni.

Baba alikuwa anakwenda Moshi kufuata viti vya kukodi na soda za wageni. Nilimfuata mpaka kwenye geti la kihamba, shamba letu la migomba, nikamwomba. Aliangalia barabara kwanza. Akaniuliza jina la daktari, basi.

Amerudi saa kumi. Viti, kreti za soda, na bahasha ya dawa kwenye mfuko wa ndani wa koti, pale anapoweka miwani. Amenipa, akanielekeza kama amesomea: hii mara moja kwa siku, chungu zaidi ya ile, isikae juani. Kisha akaketi kwenye kochi – kizimba nyuma yake – akasimulia, ananitazama kwa pembeni. Kwamba alipojitaja pale, daktari alisimama akampa mkono. Akamuuliza, "Wewe ndiye baba wa yule binti wa panya?"

"Nikasema ndiyo," akasema Baba. Akafuta miwani kwa muda mrefu. "Kulikuwa na watu pale. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu wazima. Akawaambia mbele yangu, angekuwa na wafugaji watano wa namna hiyo asingepoteza ndama."

Mama akasema haya, na wewe ukasema nini? Baba akasema angesema nini, alichukua dawa akaja.

Lakini kuanzia leo kuni haziwashwi jikoni. Amelitoa jiko la mkaa nje mwenyewe, Mama apikie chini ya ule mti wa mringaringa.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Amekula! Kipande cha kisukari, kidogo kama kucha. Baadaye tena kipande. Mbavu bado zinavuta ila taratibu.

Sijafuma kitu wiki nzima. Nywele zangu za Jumamosi hazijasukwa. Nimempigia Davis nikamwambia: Kiburu hataenda kwa jirani, hali yake hairuhusu. Atakuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, na mimi nitampa dawa saa yake ikifika, hata akija nani. Kisha akasema sawa. Akasema, "Redempta, sikupaswa kukuomba lile."

Jumamosi, 26 Julai 2025

Naandika nikiwa na gauni jipya, kitandani, nisilikunje. Wamefika. Magari mawili. Mimi kwa desturi nakaa ndani mpaka niitwe, na Shangazi Hilaria, dada yake Baba, ndiye mlinzi wangu mlangoni. Kiburu yuko pajani. Shangazi ameketi mbali, miguu juu ya stuli.

Nasikia kila kitu kupitia lile dari lililoachana. Salamu zimekwenda ndefu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, imezunguka. Mjomba wa Davis ana sauti nzuri, nzito, anasema wamepita njiani wakaona ua kwenye kihamba hiki. Watu wanacheka. Mama yake Davis sijamsikia bado.

Saa ya dawa imefika wakati wanagawiwa supu ya mtori. Nimeipima, nimechanganya na ndizi. Ameila. Safari hii amejisogeza mwenyewe akakifuata kijiko, mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikampima pumzi – mbavu zimetulia.

Shangazi ananiambia nyamaza, baba yako anasema.

Baba amesimama. Najua kwa kochi lilivyolia. Mjomba amemuuliza, kwa heshima, binti anafanya kazi gani. Nikafumba macho. Nilijua atasema bado, anasubiri ajira, anafuma. Akasema hivyo. Kisha hakuketi.

"Lakini niwaambie mnayemchukua ni mtu gani," akasema. "Ana mgonjwa humu ndani. Panya."

Kijiko cha mtu kimegonga sahani.

"Panya, ndiyo. Nilimtoa nje barazani nikitaka afe kwa baridi, nasema kweli mbele yenu. Huyu mtoto akamrudisha. Ana ugonjwa usiopona, daktari kasema. Na kila asubuhi na kila jioni anampa dawa yake. Anapata nafuu, anampa. Anazidiwa, anampa. Sijamuona akiruka. Mimi nimezaa, nimefuga, nimelima kahawa, na dozi ya malaria sijawahi kuimaliza." Wengine wamecheka. Yeye hajacheka. "Huyo atakayeugua nyumbani kwa Davis, awe mzee, awe mtoto, amepata mtu."

Shangazi ameshusha miguu chini.

Sasa ni sauti ya mwanamke. Mama yake Davis, lazima, sauti ndogo, haina haraka. Sikusikia mwanzo. Nimesikia "...huko ndani?" na Baba akijibu ndiyo, na kiti kimoja kikisogezwa nyuma.

Mlango umegongwa. Shangazi amechungulia, akanong'ona na mtu, akanigeukia.

"Unaitwa."

Nimesimama, nimemwinua Kiburu nimrudishe kwenye kizimba.

"Hapana," anasema Shangazi. "Mama yake Davis amesema uje naye."

Nywele zangu ziko vipi sijui. Kiburu amepanda begani, juu ya lesi mpya, anasafisha uso wake kwa mikono miwili. Nasikia vifijo vinaanza. Shangazi ameshika kitasa, anasema weka hiyo kalamu chi