Nyumba Njema Halichapwi Tena

Mtaa wa Shela,
Malindi.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Shaima,

Assalaam alaikum. Barua hii ikukute mzima, goti limetulia na joto la Maskati limepungua makali. Wanao hawajambo? Mimi alhamdulillahi, sukari imeshuka, na macho bado yasoma bila miwani mchana ukiwa mweupe. Utaniuliza kwa nini naandika na simu ipo. Sauti za simu wazisikiliza huku washona, kisha wanijibu "nimekusikia dada" na mashine yanguruma. Karatasi itakubidi ukae chini.

Neno lenyewe ni hili, nisikuzungushe. Mwanangu Ruwaida ataka nifunge nyumba ya mama niende Mombasa kukaa naye. Mumewe Ayman ameridhia, hata chumba wameshakipaka rangi. Wataka jibu kabla ya Ramadhani, maana yuko mtu wa kuipanga nyumba hii. Mimi sijawajibu, kwa sababu nangoja kusikia kwako kwanza.

Juma lililopita nilikwenda kwa Dedan muuza magazeti kuchukua gazeti letu la Nyumba Njema. Akaniambia, "Bi Nana, hilo halichapwi tena. Sasa wamelitia kwenye simu." Alisema kwa adabu, kama mtu aliyeleta habari ya msiba, hata akanivutia kiti. Nilirudi mikono mitupu na nikalia njiani, mtu mzima mimi. Usinicheke.

Wakumbuka lilivyoingia kwetu? Lilianzishwa bara na akina mama wa kanisa, vijikurasa vichache vya kufundisha kufuma na kuogesha mtoto, na baba aliletewa nakala na rafiki yake wa Kaloleni. Jaladani pana mwanamke kichwa wazi. Baba akataka kulichoma. Mama akalivika karatasi ya kaki, akamwambia, "Haya, ameshajisitiri, mwache aingie." Baba alicheka, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye mnunuzi.

Basi nyumba ikageuka. Mama akafuma kitambaa cha meza na meza hatuna, tukakitandika juu ya redio. Tukaanza kuchemsha maji ya kunywa, na majirani wakatucheka, kisha matumbo ya watoto wao yakawafanya waje kuuliza. Alhamisi baada ya alasiri ukumbi ukawa haupitiki, mimi nasoma kwa sauti, na wao, Waswahili kwa Wagiriama, wabishana na gazeti kana kwamba limeketi mkekani nao.

Na ile keki! Gazeti lilisema vikombe vya unga na vikombe vya sukari, na huko Nairobi kikombe ni cha chai. Sisi tukapima kwa vikombe vya kahawa. Mayai lakini tuliyatia yote yaliyoandikwa, yai halina kipimo. Ikatoka manjano, nzito, yanukia yai tupu. Mama akasema hii yataka hiliki, akaitia, na mtaa mzima ukaiga. Mpaka leo hakuna arusi Shela isiyo na keki ya gazeti. Mama mkwe wa Ruwaida alipooka ya vipimo sahihi, wageni wa kwetu waliulizana kwa siri kama mayai yameadimika Mombasa.

Wewe keki haikukushughulisha. Ulizisubiri zile karatasi za mishono katikati ya gazeti, ukizikata hata kabla sijamaliza kusoma upande wa pili. Ndizo zilizokufanya fundi, na ufundi ndio uliokupeleka Maskati. Mimi lilinifundisha kukaa, wewe likakufundisha kuondoka. Sikuwahi kukuonea wivu kwa hilo, nilikusifia kwa kila aliyenisikiliza.

Sasa ukumbi ni mtupu. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wamechukuliwa na watoto wao. Aliyebaki alikuwa Mama Charo, yule Zipporah wa nyumba ya pili, naye mguu ulipomzidi, mwanawe alikuja kumchukua wakaenda Kaloleni. Mwezi uliopita nilikuwa nasoma ukurasa wa pilau, nikajikuta nasoma kwa sauti, na pale pa bizari nikanyamaza ili wabishe. Hakuna aliyebisha. Niliumia, Shaima. Sikujua kama nyumba yaweza kunyamaza hivyo mchana.

Ruwaida aliponiuliza, "Mama, hapo wakaa na nani?" nilimwambia namngojea mama yako mdogo. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kila Idd waniambia mwakani, inshallah. Ni neno la kheri, lakini wewe umelifanya kofuli. Nyumba ni yetu sote wawili. Ukisema waja, nitabaki, na upweke huu nitauvumilia kwa kuwa una mwisho. Ukisema huji, sitakulaumu hata kidogo, maisha yako yako huko. Nitafunga mlango niende kwa mwanangu, nami nitakwenda kwa moyo mweupe. Ila nijibu ndiyo au la, kwa mkono wako.

Nisalimie wanao wote, na mkweo yule asiyependa samaki. Mama Charo alikusalimia kabla hajaondoka. Ruwaida, Ayman na mjukuu wangu Swafwan wakuamkia, shikamoo nyingi. Mungu akulinde na macho ya watu, akupe afya na riziki ya halali, na atukutanishe tungali hai.

Shuka za kitanda chako nabadilisha kila Ijumaa, Shaima. Nimechoka kufua shuka zisizolaliwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nana