Hesabu ya Mdomo

4 Februari

Mama yangu mdogo,

Salamu nyingi, binti yangu. Sisi hatujambo. Mama yako ameanza kuukanyagia ule mguu uliovunjika, ila kupanda ngazi bado hawezi, kwa hiyo tumemhamishia chumba cha chini, karibu na bafu. Anasema umekonda kwenye picha uliyotuma. Mimi sikuona kukonda, niliona mkanda wa kazi umekukaa. Nimewaonyesha mafundi wote wa mtaa, hata wasiouliza.

Umeulizia pampu ya shimo. Ondoa shaka. Niliifunga kwa mikono hii miaka kumi na tatu iliyopita, wewe ukinishikia tochi, na mpaka leo inapandisha majitaka ya nyumba nzima hadi bomba la barabarani. Majirani wamebadilisha zao mara mbili mbili. Ni kweli siku hizi inanguruma kidogo, na swichi kubwa imejizima mara mbili, lakini mtu mzima hakosi kukohoa. Jana nilisimama juu ya mfuniko nikahesabu. Ilimaliza shimo kwa ishirini na tano, kama siku ya kwanza.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima wa afya, na nina habari: hapa hospitali wamenikabidhi ufunguo wa chumba cha pampu. Pampu sita na mafundi wawili chini yangu. Wananiita Bosi Koleo.

Baba, dalili ulinifundisha wewe. Kunguruma, kuzima swichi, kuwaka wakati hakuna aliyetumia maji, na umri. Ulisema pampu ikishapita miaka kumi haibembelezwi, inaagwa. Sasa hiyo yetu unaibembeleza. Shimo likifurika, uchafu utatokea kwanza bafuni kwa Mama, na yeye ngazi hawezi kupanda. Hilo linaninyima raha hata nikiwa kazini.

Halafu hiyo ishirini na tano hainiingii akilini. Pampu inayonguruma na kuzima swichi haiwezi kuwa na kasi ya siku ya kwanza. Ulihesabu kwa kutumia nini? Naomba uhesabu kwa saa.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Nilihesabu kwa mdomo, kama nilivyokufundisha kabla hujajua kusoma saa. Mdomo huu umepima pampu za mtaa mzima na haujawahi kuaibika. Hongera kwa ufunguo, ila sikio halipiti kichwa.

Baba

15 Machi

Shikamoo Baba,

Mguu wa Mama unaendeleaje? Mpe pole yangu.

Sikuandika kukudharau. Wiki iliyopita niling'oa pampu moja hapa ikiwa bado inafanya kazi. Meneja akanijia juu, akataka kujua kwa nini natupa kitu kizima. Nikamjibu kwa maneno yako: “Pampu ing'oe ingali inafanya kazi, usingoje ikung'oe wewe kitandani.” Akasaini kibali. Kila ninachojua nimekitoa kwako, Baba, na ninajivunia kusema hivyo.

Saa ya jikoni ina mshale wa sekunde. Mpe Mama aishike.

Mwanao

20 Aprili

Shikamoo Baba,

Mwezi umepita bila barua. Kama nimekukosea, niambie. Kama ni shimo, niambie upesi. Nimeomba ruhusa kazini nije.

Mwanao

26 Aprili

Mama yangu mdogo,

Hatujambo sote, na mama yako sasa anatembea mpaka mlangoni. Nisamehe kwa kukaa kimya. Niliona haya.

Mama yako aliishika saa. Mimi nikapanda juu ya mfuniko, nikahesabu kwa sauti ili asikie. Nilipofika ishirini na tano pampu ikanyamaza, nikamgeukia nikitamba. Akanionyesha saa. Sekunde arobaini na nne. Tulirudia mara tatu. Kumbe kila mwaka pampu ilipunguza mwendo kidogo, na mimi nikapunguza nayo, tukawa tunasubiriana kama wazee wawili njiani. Iliniuma, sikufichi.

Baadaye nilinunua mpya nikaifunga mwenyewe. Ile ya zamani nilipoifungua, mapanga yake ya ndani yalikuwa yamelika hadi kubaki vijiti, na boya la kuiwasha lilikuwa limejaa maji. Haikuwa na wiki mbili mbele yake. Hii mpya inamaliza shimo kwa sekunde ishirini na mbili, na hizo ni za saa.

Jirani alinikuta nikiibeba ile kuukuu, akauliza nani kanishauri kuondoa pampu inayofanya kazi. Nikamwambia, “Fundi wangu.” Akauliza fundi gani huyo anayeweza kuniambia mimi kitu, nami nikaingia ndani kuchukua picha yako.

Ruhusa yako itumie kupumzika, lakini njoo. Kwenye mfuniko, pale nilipokuwa nikiweka sahihi yangu, safari hii nimeandika tarehe tu na kuacha nafasi. Utakagua kazi, na ukiridhika utasaini wewe. Mimi kazi yangu naijua.

Mshika tochi wako,
Baba