Nani Kagusa Ampu Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Ampu ya gitaa langu inavuma. Si ule mvumo wake wa kawaida wa kusafisha koo — huu ni mzito, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Umeanza leo mazoezini, mara tu nilipoiwasha. Wenzangu wote wakanigeukia kana kwamba tumbo langu ndilo lililonguruma.

Shemeji ndiye wa kwanza kusema. Eti hilo limekwisha, dada, achana nalo, siku hizi kuna vidogo vya kubeba kwapani. Wimbo huo ameuimba tangu amuoe mdogo wangu, mwimbaji wetu, na kujifanya kiongozi wa bendi. Lakini leo kaujibu mvumo haraka mno. Kama mtu aliyekuwa akiusubiri.

Funguo za chumba cha mazoezi tunazo wawili tu. Mimi na yeye.

Na Jumamosi tunapiga ukumbini, watu wa redio wanakuja kurekodi!

Jumanne, 7 Mei

Nimetoka kazini, duka la dawa, mapema, nikapita chumba cha mazoezi peke yangu. Nimechomoa waya wa gitaa — inavuma. Nimeshusha sauti mpaka mwisho — inavuma vilevile. Basi gitaa halina kosa, waya wake hauna kosa. Nimezima feni, nimezima taa, nimehamia soketi nyingine. Wapi! Ugonjwa ni wa ampu yenyewe.

Kuifungua sithubutu. Zile taa zake za kioo, valvu, zinatumia umeme mkali, na fundi alishanionya kwamba humo ndani mnauma hata ukishachomoa. Nimechungulia kwa tochi kupitia upenyo wa nyuma. Valvu zote zinawaka rangi ya chungwa, nzuri. Alama zangu za rangi ya kucha zipo palepale. Nilizipaka mwenyewe, maana nawajua watu. Hakuna aliyebadilisha valvu.

Ila waya wa umeme. Sasa nakumbuka, jana kabla sijaiwasha niliukuta umezungushwa kwenye mpini wake, umekaa vizuri kabisa — lakini kinyume. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Huyo aliyeuzungusha si wa kushoto.

Jumatano, 8 Mei

Kwa Fundi Miwani. Anavaa mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Akaiwasha ampu, akainamisha sikio, akafumba macho kama anayesikiliza umbea. Akasema kapasita kubwa, zile zinazosafisha umeme, zimezeeka, na kweli zilikuwa zimevimba. Akazibadilisha. Mimi nimekaa palepale, macho mikononi mwake, mpaka akaniuliza kama nina kesi naye.

Mvumo umepungua. Haujaisha. Akanuna. Uliobaki eti ni wa umeme wa mtaa huu, nijaribu kwingine. Mafundi! Wakishindwa, kosa ni la mtaa.

Mdogo wangu kapiga simu. Koo lake halijakaa sawa, anaomba Jumamosi nimwimbie sauti ya pili. Mimi, kwenye maikrofoni! Nimekubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 9 Mei

Mazoezi. Mvumo upo, mwembamba sasa, ila upo.

Mdogo wangu akamweleza mumewe habari ya sauti ya pili. Shemeji akawa mbogo. Dada hana sauti. Mpiga gitaa abaki kwenye gitaa. Halafu maikrofoni ya pili ina kasoro. Sababu zote hizo kwa pumzi moja, zinasukumana mlangoni. Mdogo wangu akamtazama tu. Shemeji akanywea, akasema haya, fanyeni mnavyotaka, akainamia besi yake.

Nimeumia. Mimi ndiye niliyemfundisha mkewe kuimba, jikoni kwetu, tukiosha vyombo. Leo sina sauti.

Halafu jambo dogo. Nilikuwa nasogeza stendi ya maikrofoni, mkono mwingine uko kwenye nyuzi za gitaa. Ikaniuma. Kama siafu, mpaka kwenye kiwiko. Nikarusha mkono. Wengine hawakuona. Shemeji aliona. Akaanza kukaza nyuzi za besi ambazo alishazikaza.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefungua plagi. Asubuhi, juu ya meza ya jikoni, kwa ncha ya kisu.

Waya wa moto upo. Nyutro ipo. Ule wa ethi, wa kijani na njano, wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa. Haukukatika wenyewe — umekatwa kwa koleo, sawasawa, na ncha yake ikafungwa utepe mwekundu. Waya zote za besi zimefungwa utepe huohuo. Lakini utepe unakaa kwenye sanduku la bendi, kila mtu anachukua. Hata mimi. Najiambia hivyo tangu asubuhi.

Nikarudi kwa Fundi Miwani na ampu kwenye teksi. Safari hii nikamweleza habari ya kuumwa. Akavua miwani zote mbili. Sijawahi kumwona na macho matupu.

Akapima. Kuna kapasita ndogo pale umeme unapoingia, nayo inavujisha umeme kwenye bati la ampu. Ethi ikiwepo, umeme huo unakwenda zake ardhini. Isipokuwepo, unapanda kwenye waya, kwenye gitaa, kwenye nyuzi, unakaa hapo.

"Ukishika nyuzi, mdomo ukagusa maikrofoni," akasema, "basi ethi ni wewe."

Akafunga ethi. Akabadilisha hicho kidude. Akawasha.

Kimya. Kimya nilichokitafuta wiki nzima, na sikukifurahia.

Aliniuliza nani amekata. Nikasema sijui. Akasema wako wanaokata wenyewe, wakidhani wanatibu mvumo. Ndiyo. Lakini yangu haikuwa ikivuma hivi kabla ya kukatwa.

Sijamwambia mtu. Mdogo wangu nimempigia, nikaishia kumuuliza koo linaendeleaje.

Jumamosi, 11 Mei

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Naandika haraka.

Tulifika mchana kujaribu vyombo. Ukumbini viti vinaburutwa, mafeni makubwa yanazunguka — hakuna awezaye kusikia kama ampu inavuma au imenyamaza. Mtu wa sauti akaniwekea maikrofoni mbele. Nikamwambia Shemeji anijaribie: alivae gitaa, aguse nyuzi, aseme moja mbili, mimi niende mwisho wa ukumbi nisikilize. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilitaka kuuona uso wake, basi.

Akaliangalia gitaa. Akasema mikono yake ina jasho. Akasema kuna waya anautafuta.

Mdogo wangu akacheka, akasema leta nijaribu mimi. Kabla sijajibu alishalivaa, vidole vyake kwenye nyuzi, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Usiguse!"

Shemeji aliruka waya zote, akaipiga stendi ikaanguka, akamvuta mkewe nyuma kwa nguvu mpaka wakakaribia kudondoka wote. Wapanga viti wakasimama kututazama. Yeye anahema, amemshikilia tu. Mdogo wangu akamuuliza kuna nini.

Akajibu, taratibu, "Hiyo ampu haina ethi."

Sikuwa nimemwambia mtu.

Mdogo wangu akajitoa mikononi mwake. Akavua gitaa, akalilaza chini polepole kama mtoto aliyelala. Akanitazama mimi, akaitazama maikrofoni pale sakafuni, akamgeukia mumewe.

"Na dada je?"

Shemeji akainama kuiokota stendi. Nikasema imeshatengenezwa, tangu jana, iko salama. Hakuna aliyenisikiliza.

Sasa wako upande wa pili wa ukuta huu. Namsikia Shemeji. Anasema alitaka ampu ionekane mbovu tu, nichoke nayo, nilete nyingine. Hakujua kama inaua — kaambiwa baadaye. Anasema Alhamisi alijaribu kunizuia nisiimbe, na mkewe ndiye shahidi.

Ni kweli alijaribu. Ndilo linalonisumbua. Alijaribu, kisha akainamia besi yake.

Sauti ya mdogo wangu siisikii kabisa.

Mtu wa sauti amegonga mlango. Watu wa redio wameshakaa. Anauliza aache maikrofoni ngapi jukwaani.